Kabla hujanunua dawa ya ukijani, angalia kwanza maji yako yanatembea vipi

Kila ikifika maleleji, upepo wa kaskazi umekata na wa kusi bado haujashika sawasawa, simu yangu inajaa picha za maji ya kijani. Mwenye tangi la plastiki nyuma ya nyumba hapa Malindi, mwenye bwawa la samaki huko Ganda, mwenye birika uani kule Amu, yaani Lamu, wote swali lao ni moja, niweke dawa gani. Na mimi jibu langu huanza na swali, hayo maji yanatembea vipi? Yanaingilia wapi, yanatokea wapi, upepo unayasukuma upande gani, na usiku hali yake ikoje. Kuna wanaokasirika wakaona nawazungusha tu, lakini ukishayajua hayo manne ushamaliza nusu ya kazi na mara nyengine hiyo dawa hununui kabisa.

Neno kwanza tuelewane. Sisi wa pwani ukitwambia mwani tunaona ule wa baharini unaojazana ufuoni wakati wa kusi. Hapa nazungumzia mwani wa maji matamu, yaani vijimea vidogo ambavyo vingi huvioni bila hadubini mpaka viwe mamilioni ndo maji yanageuka rangi, halafu kuna ule wa nyuzi nyuzi unaoteleza kama nywele zilizopakwa mafuta, na kuna utando wa kahawia unaoshika kwenye mawe na kuta. Nyumbani wote tunaita ukijani au utelezi, lakini hawafanani tabia, na maji yakitembea kila mmoja anafanya lake.

Mwani unakula vipi

Kijimea hakina mdomo wala mizizi, chakula chake ni naitrojeni, fosforasi na hewa ya kaboni iliyoyeyuka, na vyote hivyo vinaingia kupitia ngozi yake. Sasa maji yanayokigusa kile kijimea hayaendi popote, yamekigandia kama shuka nyembamba, na chakula kikitaka kupita kwenye hiyo shuka lazima kitambae chenyewe. Na kutambaa kwenye maji yaliyotulia ni kazi ya pole pole mno, chembe ya mbolea kwenda milimita moja tu ni kama dakika 8, kwenda sentimita moja ni kama saa 14. Umbali ukizidi mara kumi muda unazidi mara mia. Weka sukari kwenye chai usikoroge, unywe ya juu, utaelewa nnachosema.

Kwahivo maji yakitembea ile shuka inakuwa nyembamba na mwani unalishwa haraka. Hapa ndo watu wengi wanapotezwa, manake tumefundishwa kwamba maji yakitembea ni masafi. Si hivo moja kwa moja. Vile vijimea vidogo kabisa vya kuelea, kama klorela, shuka yao tangu hapo ni nyembamba kwa sababu wao wenyewe ni wadogo, kwahivo mkondo hauwaongezei sana kwa njia hii. Wanaofaidi ni wakubwa, makundi yaliyoshikana, nyuzi ndefu, na wale walioshika ukutani ambao hawawezi kufuata chakula, wanasubiri kiletwe. Angalia mdomo wa paipu unaotiririsha maji tangini siku zote, utelezi umeshonana pale pale maji yanapopita, na pembe ya mbali hauna nguvu hivo. Lakini ukizidisha kasi unafika mahali nyuzi zinang'oka, anabaki yule wa utando mwembamba aliyejibandika kabisa. Kwenye ukuta na mawe basi, mwendo wa kadiri unalisha, mwendo mkali unakwangua.

Kwa mwani wa kuelea majini hesabu ni nyengine, hapo swali ni nani anaweza kubaki juu penye jua. Diatomu wana ganda la silika, kitu kama kioo, ni wazito, maji yakitulia wanazama. Wale wa kijani wasio na mkia wa kuogelea nao wanazama pole pole. Lakini kuna sianobakteria, wengine wanawaita mwani wa kijani-buluu ingawa kwa ukweli ni bakteria, na mmoja wao mwenye jina kubwa ni mikrosistisi. Huyu ana vifuko vya hewa ndani ya mwili, anapanda juu mwenyewe, halafu wanashikana kwa ute wakawa vijidonge unavyoviona kwa macho. Maji yakilala siku tatu nne wenzake wote wanashuka gizani yeye anapanda juani, anatandaza utando kama rangi ya mafuta iliyomwagika, na anawafunika walio chini wasipate mwanga. Kwenye bwawa langu miezi ya kusi maji yana rangi ya kahawia ya kijani-kijani iliyoenea sawa, ikifika maleleji ndo naona ule utando. Jua ni lile lile na mbolea ni ile ile ya samaki, upepo tu ndo umeondoka.

Mto Sabaki ni mfano mzuri kwa yeyote anayetoka Malindi kwenda kaskazini akapita pale darajani. Maji yake wakati wa mvua ni udongo mtupu, yametoka mbali, nyanda za juu upande wa Nairobi, yakapita Athi na Galana, na yamebeba kila rutuba iliyokoshwa mashambani. Lakini mtoni huoni ukijani, kwa sababu udongo umezuia mwanga na maji hayakai, kabla kijimea hakijazaana kimeshafika baharini. Sasa teka ndoo moja ya hayo hayo maji uiweke uani. Siku mbili udongo umelala chini, maji meupe, kila mtu anafurahi. Ikifika wiki yako kijani. Rutuba ilikuwemo tangu mwanzo, ulichobadilisha wewe ni mwendo na mwanga.

Kwa nini wanajikusanya

Ukijani haujazani sawa kila mahali, na ukijua unakusanyikia wapi utautoa kwa mkono bila dawa. Niliwahi kukaa Amu kwa ami yangu wiki mbili, wao wana birika la zamani uani, la chokaa, na ndani kuna visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi za kule, na sakafuni mwa birika pamechomekwa bakuli la kaure ili maji yakiisha visamaki vibaki na pa kuponea. Asubuhi ya kwanza mimi nikatia kata katikati ya birika nikachota. Ami akanishika mkono. "Mwanangu, mai haya yamelala, usiyaamshe." Akachukua kata yeye, akaenda kwenye pembe moja, pembe ambayo upepo unaoshukia uani unasukumia, akailaza kata mdomo wake ukawa chini ya maji upana wa ukucha tu, akatulia hivo hivo bila kuisogeza. Nikaona kile kijani cha juu kinaanza kutambaa chenyewe kuja kwenye kata, kama kimeitwa, kinaingia kwa mstari mwembamba, nyuma yake maji yanabaki meusi masafi. Kata tatu akamwaga kwenye mchicha, ya nne ndo akanipa nioge.

Siku zile niliona ni ustadi wa wazee tu. Baadaye ndo nikaelewa alichofanya, vitu vinavyoelea upepo unavipeleka upande wa chini ya upepo na kuvirundika pale, maji yenyewe yanarudi kwa chini, lakini kinachoelea hakishuki nayo. Kwahivo asubuhi baada ya usiku mtulivu wote wamepanda juu, upepo mdogo ukianza wanasukumwa pembeni, na hapo ndo saa ya kuwavuna, kabla upepo haujawa mkali ukawachanganya tena. Kwangu mimi ni kama saa moja unusu mpaka saa tatu asubuhi. Ikifika alasiri upepo umeshakorofisha kila kitu.

Kwenye maji mapana zaidi upepo unafanya jengine, unapanga mistari. Mabaharia wa kwetu wanaijua ile mistari mirefu ya povu na taka inayofuata upepo, mmoja huku mwengine kule. Mwanasayansi wa Marekani Irving Langmuir aliiona mwaka 1927 akivuka Atlantiki, mwani umejipanga mistari, akaenda kufanya majaribio ziwani na mwaka 1938 akaandika kwamba chini ya ile mistari maji yanajiviringisha kama magogo marefu yaliyolazwa pamoja, mawili yakikutana yanazamia, na kila kinachoelea kinabaki juu pale pale yanapozamia. Ukiwa na bwawa kubwa au unachota ziwani, pale kwenye mstari ndo kumejaa, katikati ya mistari maji yana nafuu.

Halafu kuna wale wanaozama, hao nao wanakusanyika ukiwakoroga kwa duara. Fanya hivi leo leo. Chukua karai, tia maji ya kijani yenye vijidonge, koroga kwa mkono mizunguko kama kumi halafu toa mkono uache. Utadhani vijidonge vitarushwa pembeni kwa sababu maji yanazunguka. Kwanza ndivyo, lakini maji yakianza kuchoka utaona vinaanza kuvutika ndani, vinazunguka mduara mdogo, mdogo zaidi, mpaka vinakaa rundo moja katikati ya sakafu ya karai, kirundo kidogo cha kijani unachoweza kukifunika na kifuniko cha soda. Ni kile kile kinachofanywa na majani ya chai kikombeni, Einstein mwenyewe alikaa akalieleza hilo mwaka 1926. Maji yaliyo karibu na sakafu yanapunguzwa kasi na ile sakafu, kwahivo yanapita chini kuelekea katikati na kubeba vitu vizito. Mimi natumia hii kusafisha tangi la duara, nakoroga na ubao, nasubiri dakika kumi, nashusha paipu mpaka katikati ya sakafu nafyonza uchafu kwa maji kidogo tu, badala ya kumwaga tangi zima.

Na kuna wanaokusanyika kwa kugongana. Vijimea vyenye ute vikigongana vinanatana. Maji yakiwa yamelala kabisa havigongani sana, maji yakikorogwa taratibu vinakutana na madonge yanakua, maji yakikorogwa kwa fujo madonge yanapasuka. Kwahivo kuna kasi ya katikati inayojenga madonge, na ukitaka kusafisha maji hiyo ndo unaitafuta. Mbegu za mlonge, wengine wanauita mzunze, zinasaidia sana hapa. Toa maganda, twanga mbegu nyeupe iwe unga, mbegu moja kwa lita moja ni kipimo cha kuanzia, changanya unga na maji kidogo kwanza uchuje, halafu tia ndooni. Koroga haraka dakika moja ili isambae, baada ya hapo koroga pole pole sana dakika kumi mpaka kumi na tano, mwendo wa kukoroga uji ambao hutaki umwagike. Utaona maji yanaanza kuwa na nukta, nukta zinakuwa chenga, chenga zinashuka. Acha saa moja au mbili, mimina ya juu. Watu wanaoshindwa na mlonge wengi ninaowaona wanakoroga kwa nguvu mpaka mwisho, wanavunja kile walichojenga halafu wanasema mbegu mbovu. Maji hayo tumia siku hiyo hiyo, manake unga wa mbegu wenyewe ukibaki ndani unaoza, na kama ni ya kunywa bado yanahitaji kutibiwa.

Wapo pia wanaoogelea, kama klamidomonasi wenye vimikia viwili. Hawa wakiwa kwenye chupa dirishani wanapanda, wanajaa juu mpaka uzito unawashusha kwa nyuzi nyuzi kama mvua ndani ya chupa, ni kitu kizuri sana kuangalia. Mwaka 1985 mtafiti Kessler alionyesha kwamba kwenye bomba maji yakishuka hawa wanajikusanya katikati ya mkondo, maji yakipanda wanaenda kwenye kuta. Kwako wewe nyumbani maana yake ni moja, usipime maji kwa glasi moja ya sehemu moja, chota juu, kati na chini.

Pima maji yako

Huhitaji vifaa vya maabara. Asubuhi kabla ya upepo tupa pumba kidogo juu ya maji ukae uangalie robo saa, rudia alasiri. Andika pumba zimeenda wapi, na wapi hazikusogea kabisa. Pale zisiposogea ndo pembe yako iliyokufa. Kama una mfereji au mkondo tumia chungwa, linazama kiasi kwahivo upepo haulidanganyi sana, pima mita mbili kwa futi kamba, bonyeza saa ya simu, rudia mara tatu utoe wastani. Kasi ya juu ni kubwa kuliko ya chini, kwahivo zidisha kwa 0.85 upate ya maji yote kwa kukisia.

Halafu pima mwanga unafika wapi. Kifuniko cha mkebe wa rangi, kigawe robo nne, mbili nyeupe mbili nyeusi, kifunge kamba yenye fundo kila sentimita 10 na kitu kizito chini, kishushe mpaka kisionekane. Asili yake ni kwa padri wa Italia anaitwa Secchi mwaka 1865 na mpaka leo hakijapitwa. Bwawa la perege likisoma sentimita 25 mpaka 40 ni sawa kabisa, huo ukijani ni chakula cha samaki usiuguse. Ikisoma chini ya 20 anza kushughulika. Huna kifuniko, ingiza mkono, kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika hata katikati ya kifundo cha mkono na kiwiko basi umezidi.

Na hili jaribio la chupa tatu naomba mlifanye, kwa sababu litakutoa kwenye kosa ambalo nimeliona kwa watu wengi. Kata chupa tatu za lita 5, tia maji yale yale ya bwawa, chembe ya mbolea ya NPK ncha ya kijiko kila moja, ziweke panapopata jua la asubuhi. Ya kwanza usiiguse. Ya pili koroga taratibu asubuhi, adhuhuri na magharibi. Ya tatu tia pampu ndogo ya hewa ile ya samaki wa urembo, iwe inatoa mapovu mchana kutwa. Baada ya siku nane hivi ya tatu itakuwa kijani kila mahali kama juisi ya majani, ya pili ina madonge, na ya kwanza katikati yake inaonekana safi kabisa. Hapo mtu anasema umeona, maji yaliyotulia ndo masafi. Sasa itikise hiyo ya kwanza. Kijani chote kinaamka kutoka sakafuni na kwenye kuta. Mwani ulikuwemo, ulilala tu. Kwahivo maji kuwa meupe hakusemi kitu mpaka ujue chini kuna nini.

Sasa ufanye nini

Nianze na bwawa kwa sababu ndipo nilipoumia. Miaka ya nyuma utando ulinitanda robo ya bwawa, nikaenda dukani nikauziwa mrututu, nikaambiwa mimina jioni asubuhi maji meupe. Na kweli asubuhi maji yalianza kuwa meupe, na samaki walikuwa wanaelea. Mrututu ni chumvi ya shaba, wenyewe ni sumu kwa samaki ukizidi kidogo, na hata ungekuwa kipimo sawa mwani ukifa wote kwa mpigo bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni usiku mmoja. Na kama ni mikrosistisi, ukimuua anapasuka na sumu iliyokuwa ndani yake inamwagika majini. Hakuna aliyenieleza hata moja kati ya hayo, na nimeona watu wengine wawili wamepoteza bwawa zima kwa njia hiyo hiyo, ndo maana naandika.

Baada ya hapo nikaambiwa ninunue pampu kubwa nikoroge maji, ukijani utaisha. Hapa sikilizeni vizuri. Kukoroga kunamshinda mikrosistisi, ni kweli, ziwa la Nieuwe Meer huko Amsterdam walianza kulikoroga kwa mapovu ya hewa mwaka 1993 na akapungua sana. Lakini ziwa lile ni refu kwenda chini, kama mita 30 panapozidi, kwahivo mwani ukikorogwa unapelekwa gizani na kukaa huko, na yeye uwezo wake wa kupanda haumsaidii tena. Bwawa langu ni mita moja. Ukilikoroga unamtoa juani unampeleka juani. Tena wanaolima mwani kwa makusudi wanafanya hivo hivo, mfereji wa kina cha sentimita 20 mpaka 30, gurudumu la makasia linasukuma maji kama sentimita 20 au 30 kwa sekunde, kila kijimea kinapata zamu ya jua na chakula. Kwahivo ukiweka pampu kwenye bwawa fupi utando wa juu utavunjika, hilo ni jema, lakini usitegemee maji kuwa meupe, utakuwa umebadilisha aina ya mwani tu. Kwa samaki hiyo ni biashara nzuri, kwa mtu anayetaka maji ya kuoga si nzuri.

Ninavyofanya mimi ni hivi, utando nautoa kwa mkono asubuhi pembe ya chini ya upepo, kwa chandarua cha zamani kilichofungwa kwenye mbao mbili, watu wawili mnakivuta taratibu, mkivuta haraka unatawanyika. Mchana kama saa saba jua likiwa kali nawasha pampu ya sola nusu saa, sehemu ya juu inakuwa imejaa oksijeni iliyotengenezwa na mwani wenyewe, naishusha chini. Mwenye betri awashe pia kuanzia saa nane usiku mpaka kuche, manake alfajiri ndo oksijeni iko chini kabisa, ukiona samaki wanapanda juu wanatweta midomo wazi usingoje. Mdomo wa pampu usiwe karibu na sakafu. Tope la chini lina fosforasi iliyolala, ukilitimua unamlisha mwani upya, na likinuka yai viza simamisha hapo hapo, hiyo hewa inaua samaki.

Tangi la nyumbani dawa yake ni giza. Tangi jeusi lenye mfuniko halina ukijani wa maana, lile jeupe linalopitisha mwanga ndo linasumbua, lipake rangi nje au ulijengee kibanda cha makuti. Cha pili ni kuhakikisha maji yanapita ndani yake lote. Mafundi wengi wanaweka paipu ya kuingiza na ya kutoa upande mmoja ili kuokoa paipu, maji mapya yanaingia na kutoka papo hapo, upande wa pili maji ni ya wiki iliyopita. Hamisha moja. Mwani mwingi wa kuelea ukipata jua na chakula unajizidisha mara mbili kwa siku moja hivi, kwahivo tangi la lita 1000 likipitisha zaidi ya lita 700 kwa siku na yakachanganyika vizuri, mwani unasombwa kuliko unavyozaana. Nyumba ya watu wawili hamtumii kiasi hicho, basi chukueni tangi dogo, kubwa si sifa.

Birika fanya kama ami, kata kwenye pembe asubuhi, visamaki usivitoe, na kuta zisuguliwe kwa makumbi kabla ya maji kupungua siyo baada, ili kinachong'oka uweze kukichota.

Kabla ya kugusa utando wowote ujue ni nani. Chovya kijiti, ukitoa na nyuzi zinaning'inia ni ule wa nywele, hauna neno. Kijiti kikitoka kama kimechovywa kwenye rangi, tia maji hayo kwenye chupa uiweke kivulini usiku kucha, asubuhi kijani kikiwa kimepanda juu kimefanya pete mdomoni mwa chupa, mchukulie ni mikrosistisi au jamaa yake. Maji hayo watoto wasiogee, mbuzi wasinyweshwe, na kuchemsha hakusaidii kwa sababu ile sumu, mikrosistini, haivunjiki kwa moto wa jikoni. Shirika la Afya Duniani kipimo chake kwa maji ya kunywa ya kila siku ni mikrogramu 1 kwa lita, kiasi kidogo mno. Mwaka 1996 mji wa Caruaru, Brazil, maji yenye sumu hii yaliingia kwenye kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo wakafa zaidi ya wagonjwa 50. Vaa glavu, usikoroge, toa bila kurusha matone.

Ule wa nyuzi unaoutoa ni mbolea nzuri, uchanganye na samadi uzike kwenye shina la mnazi au mgomba. Usiurundike ukingoni mwa bwawa ukaondoka, mvua ya kwanza tu itaurudisha wote majini, na rutuba yake nayo. Mimi naubeba kwa toroli mpaka upande wa pili wa boma, hatua kama arobaini.